Kuchimba bitikoini angani: yasemwayo Malindi na hesabu zake

Tangu mtambo wa sola wa Lango Baya uanze kuuza umeme mwaka 2021, gumzo la sola barazani Malindi limepanda hadi angani. Na sisi tuna haki ya kulizungumza: Ngomeni, kaskazini mwa mji, ndipo Waitaliano walipokuwa wakirusha roketi kutoka majukwaa ya baharini, na setilaiti ya Uhuru iliondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Hoja ya sasa ni kwamba mashine za kuchimba bitikoini, yaani kompyuta zinazoshindana kupiga hesabu ili zilipwe sarafu hiyo ya kidijitali, zipelekwe juu zikale jua la bure. Si upuuzi, ila imebebeshwa mengi yasiyo kweli.

“Jua la angani lina nguvu mara kumi.” Juu ya anga, mita moja ya mraba hupokea wati 1,361 hivi. Hapa kwetu, saa sita mchana bila wingu, hupata karibu 1,000. Faida iko kwenye saa: setilaiti inayofuata mpaka wa usiku na mchana hukaa juani karibu muda wote, na kwa siku huvuna kama mara sita ya tunachopata Malindi. Zile za njia ya kawaida ya chini hazina bahati hiyo. Huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na karibu theluthi ya muda huo ziko gizani.

“Kule ni baridi, mashine zitapoa zenyewe.” Hii ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayoharibu hesabu yote. Mashine aina ya Antminer S21 hula wati 3,500, na karibu zote hugeuka joto. Huku chini feni hulipuliza nje, basi. Angani hakuna hewa ya kulibeba. Ni ombwe, kama lile lililo kati ya kuta za thamosi, na sote twajua kahawa ya thamosi inavyokaa na moto wake. Joto litatoka kwa njia ya mionzi tu, na bapa jeusi lenye nyuzi 27 halitoi zaidi ya wati 460 hivi kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Kwa hiyo mashine moja yataka karibu mita nane za mraba za uso wa kutolea joto, mabomba ya kimiminika cha kupoza, na paneli za sola za mita za mraba kama tisa. Vyote vina uzito, na kupandisha kilo moja hugharimu maelfu ya dola.

Tazama Kituo cha Anga cha Kimataifa. Paneli zake za awali, kama mita za mraba 2,500, hutoa kilowati 120 zikifanya vizuri kabisa. Zima kila kitu humo, hata hewa ya wanaanga, na utawasha mashine 34. Lango Baya hupeleka kwenye gridi hadi megawati 40.

“Intaneti itakwamisha.” Hapa wenye shaka ndio waliokosea. Bloku moja, yaani fungu la miamala ambalo mchimbaji akilifunga hulipwa, hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na mchimbaji hahitaji data nyingi. Hata setilaiti ikiwa kilomita 35,786 juu, ishara huenda na kurudi kwa robo ya sekunde.

“Umeme wa bure utaleta bitikoini nyingi zaidi.” Mfumo wa bitikoini hupanga upya ugumu wa hesabu hizo kila bloku 2,016, yapata wiki mbili. Mashine zikiongezeka, ugumu hupanda, na tuzo hubaki ileile: bitikoini 3.125 kwa bloku tangu Aprili 2024. Isitoshe, mashine huzeeka haraka. Antminer S9 ya mwaka 2016 ilitumia takriban jouli 98 za nishati kwa kila terahashi, yaani majaribio trilioni moja ya hesabu hizo. S21 ya 2023 hutumia 17.5. Iliyoko juu haina fundi wala mbadala, nayo inashindana na watu kama kampuni ya Gridless, wanaochimba hapahapa Kenya kando ya mitambo midogo ya maji yenye umeme uliokosa mnunuzi, ambako feni ikifa hubadilishwa kwa bisibisi.