Ruta ya nyumbani ina pande mbili: ujue wa kuushika na wa kuuacha

Mtu akipiga simu kwenye dawati letu la msaada kusema intaneti imegoma na ameshajaribu kila kitu, huwa naanza kwa kumuuliza: ulichobadilisha kilikuwa upande gani wa ruta? Wengi hunyamaza kidogo. Kwao ruta ni kiboksi chenye taa, fundi alikuja akakipachika ukutani, akaandika nywila ya waifai kwenye kikaratasi, akaondoka.

Kiboksi hicho kina pande mbili. Upande wa nje, ambao kwenye kurasa za ruta huandikwa WAN au "Internet", ndio unaozungumza na kampuni inayokuuzia huduma. Upande wa ndani, LAN, ndio unaozungumza na simu, televisheni, printa na kamera za nyumbani kwako. Masharti ya upande wa nje hupangwa na kampuni, wewe huna cha kubuni pale. Upande wa ndani ni wako. Majumbani nakuta mambo yamepinduka: spidi ikishuka kidogo mwenye nyumba anaukimbilia upande wa nje kubadilisha hiki na kile, na ule wa ndani ameuacha kama ulivyotoka kiwandani.

Tuanze na kuingia. Geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Utakuta anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutumia 192.168.8.1, na zile za faiba za kampuni hiyohiyo mara nyingi 192.168.100.1. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua taarifa za waifai kwenye simu au kompyuta yako utafute palipoandikwa "Gateway" au "Router". Namba hiyo iandike kwenye mstari wa juu wa kivinjari, mahali pa anwani, wala si kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukitumia simu, zima data kwanza, maana waifai ikiwa haina intaneti simu hujiamulia kupitia kwenye bando, na ukurasa wa ruta hautafunguka hata ukikesha. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, usiogope. Ruta nyingi hazina cheti cha usalama kinachotambuliwa na vivinjari.

Ukishaingia, kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa wa WAN kwa simu yako. Ruta ikiwa na sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhi pia kwenye kompyuta.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya kile kitobo kilichoandikwa RESET. Watu wanadhani kukibonyeza kwa sindano ni kuizima na kuiwasha ruta. La. Ukikishikilia sekunde kumi hivi, kinafuta kila kitu na kuirudisha ruta hali ya kiwandani, pamoja na jina na nywila ya PPPoE ambayo kampuni ilikupa kuingilia kwenye mtandao wake. Kwenye baadhi ya huduma za faiba kuna pia namba ya VLAN, inayotenganisha aina za huduma kwenye waya mmoja, nayo inaondoka. Hapo tatizo dogo lililohitaji kuchomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena linageuka kuwa siku mbili za kumsubiri fundi.

Kwa upande huo wa nje unahitaji kujua mambo machache tu. Huduma yako itakuwa ya aina mojawapo: PPPoE, yenye jina na nywila, ile ambayo ruta hupewa anwani na kampuni yenyewe bila wewe kujaza kitu, ya anwani ya kudumu, ambayo hutumiwa zaidi na ofisi, au ya laini ya simu, inayohitaji APN sahihi, yaani jina la lango la kuingilia intaneti ya mtandao husika. Kwenye PPPoE utaona kipimo cha MTU, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data kwa baiti, kimewekwa 1492 badala ya 1500 iliyozoeleka. Kiache hivyohivyo. Zile baiti nane zinatumiwa na PPPoE yenyewe, na ukilazimisha 1500, baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine zitabaki zinazunguka tu.

Sasa tuje ndani, ambako kazi yako ipo.

Ruta hugawa anwani kwa vifaa kwa utaratibu uitwao DHCP. Mfikirie mhudumu wa mapokezi wa gesti: kila anayeingia anapewa chumba kwa muda, muda ukiisha bila kuomba nyongeza, chumba anapewa mwingine. Kwa kawaida vyumba ni 254, navyo havitoki nje ya mafungu matatu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani duniani kote mwaka 1996: yanayoanza na 10, yanayoanza na 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Ndiyo maana ruta yako na ya jirani zinaweza kuwa na namba moja bila ugomvi. Hazionani.

Ugomvi unaanza pale ruta mbili zinapokuwa ndani ya nyumba moja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu malalamiko mengi tunayopokea yanatokea hapa. Nyumba zetu za matofali ya saruji zinaumeza mawimbi ya waifai. Chumba cha mwisho hakipati kitu. Mwenye nyumba ananunua ruta ya pili, anavuta kebo kutoka ile ya kampuni na kuichomeka kwenye tundu la WAN la ruta mpya. Kama zote mbili zimewekwa 192.168.1.1, ruta mpya inajikuta na mtandao uleule mbele na nyuma, haijui data ielekee wapi. Simu inaonyesha waifai imejaa, intaneti hakuna. Baadhi ya ruta za kisasa hujirekebisha zenyewe zikigundua hali hiyo. Usitegemee kwamba yako ni mojawapo.

Dawa rahisi ni kuingia kwenye ruta mpya na kuiweka katika hali ya "Access Point". Hapo inaacha kugawa anwani, inabaki kusambaza mawimbi tu, na vifaa vyote vya nyumba vinakuwa mtandao mmoja. Kama haina hali hiyo, fanya kwa mkono: ipe anwani ya LAN ya 192.168.1.2, hakikisha namba hiyo haimo kwenye orodha ambayo ruta ya kwanza inagawa, zima DHCP yake, kisha hamishia kebo kwenye tundu mojawapo la LAN. Usiisahau ile ya kuzima DHCP. Ukiiacha, utakuwa na wagawaji wawili. Kifaa kilichomuwahi wa kweli kitapata intaneti, kilichomuwahi wa uongo kitakosa, na kesho watabadilishana. Watu wanaita hiyo "waifai ya majini."

Wapo wanaotaka ruta ya pili iwe mtandao wa kujitegemea, tuseme wa wapangaji wa nyumba ya uani. Basi iache kwenye WAN, ila badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.2.1. Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa utaganda. Haijaharibika: anwani uliyokuwa umeifungua haipo tena. Zima waifai ya simu, iwashe, uingie kwa 192.168.2.1.

Printa na kamera zinahitaji anwani isiyobadilika. Badala ya kuiandika kwenye kifaa chenyewe, tumia sehemu ya ruta iitwayo "Address Reservation", inayofungamanisha anwani ya IP, hizi namba zinazogawiwa na ruta, na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Kwa simu kuna mtego: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu huonyesha MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili mwenye simu asifuatiliwe. Ukitaka kuihifadhia anwani, zima kwanza ufiche huo kwa mtandao wa nyumbani pekee.

Kwa mwenye mgahawa au hosteli, angalia muda wa kukopesha anwani. Ukiwa wa saa 24 na wateja wanaingia na kutoka mchana kutwa, anwani huisha jioni ingawa waliokaa mezani ni ishirini tu. Kompyuta inayounganishwa na kujipa namba inayoanza na 169.254 inakuambia wazi kwamba imekosa. Punguza muda uwe saa moja.

Kuhusu DNS, yaani seva zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba, kuna imani kwamba ukiweka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare kifurushi kinakuwa na kasi. Hakiongezeki hata kidogo. Kinachoweza kupungua ni kule kusubiri kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Sababu nzito ya kuutazama ukurasa huo ni usalama. Programu hasidi ya DNSChanger, ambayo wahusika wake walikamatwa Novemba 2011 kufuatia uchunguzi wa FBI ya Marekani, ilikuwa inabadilisha namba hizi kwenye kompyuta, na hata kwenye ruta zenye nywila ya kiwandani, ili mtu aandike anwani sahihi na kupelekwa kwa matapeli. Ukikuta humo namba usiyoitambua, iulizie kwa kampuni yako.

Hapo ndipo nywila inapoingia, na ni mbili, si moja. Ya waifai wanajua wote. Ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe ndiyo husahaulika. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani yenye jozi zaidi kidogo ya 60. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiendesha DNS za tovuti nyingi, na tovuti kubwa za Marekani zikazimika kwa saa kadhaa. Uingereza imepiga marufuku nywila za aina hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024. Huku kwetu, ibadilishe mwenyewe. Ukiwa humohumo, zima usimamizi wa ruta kutoka nje, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila, na kwenye usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3.

Limebaki la wanaotaka kuangalia kamera ya nyumbani wakiwa safarini. Wanafungua milango ya ruta kwa "Port Forwarding", wanafuata maelekezo yote, na haifanyi kazi. Soma anwani iliyo kwenye ukurasa wa WAN. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, au ikiwa mojawapo ya yale mafungu matatu ya ndani, maana yake kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya umma, na hakuna utakachofungua kwako kitakachomfikia mtu aliye nje. Hali hii ni ya kawaida sana kwa intaneti ya laini za simu. Omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa, au nunua kamera inayopitia seva ya mtengenezaji wake. Waulize watu wa kampuni kabla hujalipa.