Mmenunua Mbps 100, na bado mtauawa nyuma ya ukuta

Juzi jioni nilikuwa Ng'hong'hona, hapa Dodoma, kwenye chumba cha gemu cha vijana wa chuo. Kompyuta sita, ruta moja juu ya kabati, feni inazungusha vumbi. Wanaisubiri gemu mpya ya risasi, watano kwa watano, na wameshagawana majukumu: nani anaingia kwanza, nani analinda mgongo, nani anaongoza kwenye maiki. Mmoja akanipokea mlangoni akiwa na simu mkononi. "Shikamoo fundi. Tumepandisha kifurushi kutoka Mbps 20 mpaka 100. Sasa lagi, yaani gemu kukwamakwama, basi." Walikuwa wamechangishana hela ya bumu.

Ni chumba cha tano mwezi huu kunipa habari hiyohiyo kwa furaha ileile, na inaniuma, kwa sababu hela imeshatoka. Kwa hiyo naandika.

Mbps ni upana wa njia. Pingi ni muda ambao pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inatumia kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha gemu) na kurudi. Basi la watu 60 na Coaster ya watu 25 yakitoka pamoja stendi ya Nanenane kwenda Dar kwa mwendo mmoja, yatafika pamoja. La kwanza limebeba wengi zaidi, lakini barabara haikufupika hata hatua moja. Na gemu ya risasi haina abiria wengi. Inatuma vipakiti vidogo vidogo mara nyingi kwa sekunde: nimesogea hapa, nimegeuka kule, nimefyatua. Gemu nyingi za aina hii, mkishaanza mechi, hazili hata Mbps 1 kwa mchezaji. Kifurushi kikubwa kitawasaidia siku ya kupakua, maana gemu za sasa ni GB nyingi. Baada ya hapo kazi yake imekwisha.

Umbali ndio umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Johannesburg, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,400. Kwenda na kurudi ni milisekunde 24, na hapo hujapita kwenye swichi hata moja. Frankfurt ni karibu kilomita 6,800, yaani milisekunde 68 kwa mstari ambao haupo duniani, kwa sababu pakiti zetu zinateremka na mkongo mpaka Dar, zinaingia baharini, zinazunguka Bahari ya Shamu. Hakuna kifurushi kinachosogeza Ujerumani. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kuhusu gemu yoyote mpya ni seva zake ziko wapi. Microsoft walifungua vituo vyao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020, kwa hiyo kampuni ya gemu ikitaka kukodi mashine kusini mwa Afrika inaweza. Kama itataka ni suala jingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu wanaojua tofauti ya Mbps na pingi nao hulikosea.

Pale Ng'hong'hona nilifungua kidirisha cheusi cha kuandikia amri kwenye kompyuta, nikaipima pingi ya Johannesburg mfululizo. Ikasoma milisekunde 58, 61, 57, 59. Nzuri kabisa. Nikamwambia kijana wa kona aendelee na upakuaji wake aliokuwa ameusimamisha. Ikasoma 60, 94, 171, 243, 238. Mstari ni uleule, Mbps ni 100 zilezile, Johannesburg haijahama. Wale vijana wakanyamaza wote wakiangalia namba.

Kilichotokea ni foleni. Fikiria kioski cha maji siku ambayo bomba limetoka saa mbili tu. Madumu arobaini yamepangwa, na wewe umekuja na kikombe. Maji ya kikombe chako ni sekunde moja, lakini utasubiri madumu yote arobaini yajae. Upakuaji ni madumu. Pakiti ya gemu ni kikombe. Ruta nyingi za bei ya kawaida, sawa na vifaa vya kampuni ya mtandao, zimepewa kumbukumbu kubwa ya kupanga pakiti na hazina akili ya kumwambia mwenye kikombe apite mbele. Zinapanga tu, aliyetangulia katangulia. Ukiongeza Mbps, bomba linatoka kwa nguvu zaidi, na ni kweli foleni inaweza kupungua kwa muda. Ndiyo maana imani hii haifi: mtu alikuwa na Mbps 5, nyumba nzima inatazama video, akaongeza, gemu ikatulia, akaamini Mbps ndiyo dawa. Alichotibu ni foleni, na itarudi siku mtu mmoja atakapoamua kupakua kitu kikubwa, kwa sababu upakuaji hula kila upana unaoukuta.

Dawa yenyewe ni ruta inayojua kupanga foleni. Tafuta yenye SQM, yaani mfumo wa kupanga foleni kwa akili, au inayokubali kuwekewa OpenWrt, programu huria ya ruta yenye uwezo huo, kisha uiambie isitumie mstari wote. Mimi huanza na asilimia 85 ya spidi halisi niliyoipima, ya kupakua na ya kupakia zote mbili. Ndiyo, unaachia Mbps 15 zipotee katika 100. Vijana huchukia sana sehemu hii, lakini kwa kuachia hizo foleni inahama kutoka kwenye kifaa cha kampuni ya mtandao, ambacho hukiamrishi, na kuja kwenye ruta yako, ambayo unaiamrisha. Tulipofanya hivyo pale Ng'hong'hona, upakuaji ukiendelea, pingi ikakaa kati ya 59 na 68.

Na angalieni hilo neno "kukaa". Pingi ya 70 iliyotulia ni bora kuliko pingi ya 40 inayorukaruka hadi 120. Gemu hizi zimejengwa zikijua kwamba kila mchezaji yuko mbali. Valve, watengenezaji wa gemu, walieleza hadharani tangu mwaka 2001 jinsi seva yao inavyofanya: inakumbuka kila mtu alikuwa wapi muda mfupi uliopita, na risasi ikifika, inarudisha saa nyuma mpaka pale mpigaji alipokuwa anaona alipofyatua. Kama katika macho yake ulikuwa bado uko wazi, umepigwa, hata kama kwenye kioo chako umeshafika nyuma ya ukuta. Kila siku nasikia "jamaa anachiti huyu!" Mara nyingi hachiti. Alikuona katika wakati uliopita, na seva ikampa haki yake. Hesabu hiyo inafanyika vizuri ucheleweshaji ukiwa unatabirika. Ukiyumba, kioo chako kinakisia wenzako wako wapi, kinakosea, kisha kinawarusha ghafla mahali pengine. Mnaita lagi, mnalaumu kifurushi, mnanunua kikubwa zaidi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Tumieni waya, waifai iacheni iwe ya simu. VPN, ile huduma ya kupitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, haifupishi njia, isipokuwa mara chache ambapo kampuni yako ya mtandao inazungusha pakiti vibaya. Kioo cha hertzi 144, kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni kizuri, kinunuliwe baada ya ruta.

Kuna mambo ambayo mafundi wenzangu hawapendi kuyasema mbele ya mteja, na mimi nayasema. SQM inanisumbua kwenye ruta za laini ya simu. Spidi ya mnara hupanda na kushuka saa kwa saa, kwa hiyo asilimia 85 ya asubuhi inakuwa asilimia 150 usiku, na kikomo kinakosa maana. Wateja wa Nkuhungu na Ihumwa ambao faiba haijawafikia nawawekea namba kwa kubahatisha, narudi wiki ya pili, nabahatisha tena. Jingine: niliwahi kuficha namba ya pingi kwenye kompyuta nne, nikawachezesha vijana wazoefu kwa 45 na kwa 65 bila kuwaambia ipi ni ipi. Walikosea karibu nusu ya mara. Ilipoanza kuyumba, wote walijua ndani ya dakika moja. Tangu siku hiyo simwahidi mtu namba ndogo, namwahidi utulivu.

Na siku ya uzinduzi yenyewe, msiitie ruta yenu lawama mapema. Gemu ya Overwatch 2 ilipofunguliwa tarehe 4 Oktoba 2022, seva zilishambuliwa na watu wakakwama kwenye foleni ya kuingia kwa maelfu, wakiwemo wenye mtandao safi kabisa. Huku kwetu tuna la nyongeza: Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, Tanzania nzima ilihisi, na hakuna fundi wa chumbani angeweza kufanya lolote. Linalonitia wasiwasi zaidi ni idadi ya wachezaji. Gemu ya Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kufungwa tarehe 6 Septemba, kwa sababu watu hawakuja. Gemu ya timu ikikosa watu wa kutosha upande wetu wa dunia, inawapangia mechi Ulaya, na ile 58 ya Johannesburg mtaiona kwenye kidirisha cheusi tu.

Bado naisubiri hiyo gemu mpya kama nyinyi. Nimeshawaona wale watano wakifanya mazoezi ya kuingia mlangoni kwa zamu, mmoja anahesabu, wengine wamekaza macho, na ningependa wafungwe na timu iliyowazidi, si na foleni ya ruta. Kwa hiyo kabla hamjalipia chochote, pimeni pingi mfululizo kwa dakika kumi huku mtu mmoja anapakua faili kubwa, kisha mnitumie picha ya zile namba. Pimeni saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Namba za saa nne asubuhi sizitaki.