Kilomita chache hazimaanishi gari zima
Wengi huamini kuwa gari la spoti la zamani lililotembea kidogo ni kama jipya. Sivyo, mpira huzeeka hata gari likilala gereji.

Chukua Porsche 944, iliyotengenezwa 1982 hadi 1991. Mkanda wake wa taimingi, ule wa mpira unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, hubadilishwa kila miaka 4 hivi, litembee lisitembee. Ukikatika, pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) lazima ifunguliwe. Mdai muuzaji risiti ya kubadilisha mkanda, yenye tarehe. Kama hakuna, usiliwashe eti usikie mlio tu.

Kisha inama usome ubavu wa tairi: 2309 ni wiki ya 23, mwaka 2009. Meno mazima, mpira umekufa! Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu; badilisha yote.