Hospisi nzuri hutambulikaje? Dhana potofu zinazowaponza wagonjwa na familia zao

Daktari akishasema kwamba saratani imesambaa na kwamba sasa mgonjwa aandikishwe kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na mahangaiko mwenye maradhi mazito, ambayo hutolewa na hospisi, kinachofuata ni kikao cha familia. Baba mdogo atasema hospisi ni mahali pa kwenda kufia. Shangazi amesikia kuwa huko watu wanapewa dawa za kulevya. Mwingine atauliza kama wana jengo la maana. Mara nyingi kikao kinavunjika bila mtu yeyote kuuliza swali lililo zito kuliko yote: mgonjwa wetu akizidiwa na maumivu saa nane za usiku, hawa watu watafanya nini?

Haya nimeyaandika kwa ajili ya kikao hicho, maana wanaoumia kwa majibu yasiyo sahihi ni watu wasio na nguvu za kujitetea.

"Hospisi ni jengo, basi tukalione jengo lenyewe"

Hospisi ya kwanza ya aina tunayoijua leo, St Christopher's ya London, ilifunguliwa mwaka 1967 na Cicely Saunders, mama aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari. Ilikuwa na wodi na vitanda. Huduma hiyo ilipofika kwetu ilichukua njia nyingine: badala ya mgonjwa kuifuata, yenyewe ikamfuata mgonjwa nyumbani. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliegemea kliniki za mchana na ziara za nyumbani. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, nayo ilishika njia hiyo. Kwetu Tanzania, timu za Selian, Arusha, na za Muheza, Tanga, zimejulikana kwa kuwafuata wagonjwa vijijini.

Kwa hiyo rangi ya ukuta haikuambii kitu. Ulizeni wanafika kata zipi, na kama yenu imo. Wanakuja kila baada ya siku ngapi? Mvua za masika zikikata barabara wanafanyaje? Anayekuja ni muuguzi aliyesomea tiba shufaa, au ni mhudumu wa kujitolea peke yake? Wahudumu wa kujitolea ni watu wa thamani kubwa. Wanaogesha wagonjwa, wanabeba maji, wanakaa na mtu ambaye majirani wameanza kumkwepa. Lakini hawawezi kubadilisha dozi. Kwenye huduma nzuri, mhudumu wa kujitolea akiripoti kwamba mgonjwa kazidiwa, muuguzi anapiga simu au anafika, na wenyewe wataweza kukueleza ni baada ya muda gani.

Kisha ombeni namba ya simu ya usiku, na muulize ni nani anayeipokea. Namba iliyochapwa kwenye kipeperushi si ushahidi. Ushahidi ni familia ambayo imeshapita mikononi mwao. Tafuteni moja, hata mbili, kupitia msikiti, kanisa au mjumbe wa mtaa, muwaulize: mlipopiga usiku, walipokea? Cheti cha usajili nacho kiangalieni, huwa kimebandikwa mapokezi, ila cheti peke yake hakimtulizi mtu maumivu.

"Wakimpa mofini, ujue wameshakata tamaa"

Hii ndiyo dhana inayotesa watu wengi kuliko zote, na inawageuza ndugu kuwa kikwazo kati ya mgonjwa na nafuu yake. Nitakaa hapa kidogo.

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu mwaka 1986 shirika hilo limeielekeza kuwa dawa ya maumivu makali ya saratani. Kwenye ukanda wetu hutolewa zaidi kama maji ya kunywa, yanayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ni mojawapo ya sehemu zinazoyatengeneza na kuyapeleka kwenye hospitali nyingine. Ni dawa ya bei ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kilichoanza chini na kupandishwa taratibu, haharakishiwi kifo. Wala kwa kawaida hageuki teja: hataanza kuiba vitu vya nyumbani ili akanunue dawa. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na kwa sababu hiyo haikatwi ghafla, lakini hilo ni jambo jingine na lina utaratibu wake. Mara nyingi utaona mtu aliyekuwa amejikunja kitandani akiomba uji, au akitaka kukaa barazani na wenzake.

Kwa hiyo geuzeni swali. Hospisi isiyo na mofini, wala njia ya uhakika ya kuipata, ndiyo ya kutilia shaka. Mtoa huduma anayemchoma mgonjwa wa saratani ya mifupa sindano za diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, wiki baada ya wiki na kusema "hii inatosha" anamdhulumu, na figo zake anaziweka hatarini.

Namna wanavyoitoa pia inaeleza mengi. Maji ya mofini hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hunywewa kwa saa maalumu, kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Wengi huongeza kipimo cha kulalia mara mbili ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usiku. Juu ya hapo, mgonjwa huachiwa maelekezo ya dozi ya ziada pale maumivu yanapochomoza kabla ya saa yake. Ukisikia "anywe akiumwa", bila maelezo mengine, huyo hajafundishwa vizuri. Halafu kuna choo. Mofini hufunga choo, na tatizo hilo haliondoki lenyewe kama usingizi na kichefuchefu vinavyopungua baada ya siku chache. Muuguzi anayejua kazi yake anakuja na dawa ya kulainisha choo siku ileile anayoanzisha mofini. Hiki ni kipimo rahisi ambacho hata mtu ambaye hajasomea chochote anaweza kukitumia.

Waulizeni bila woga: mara ya mwisho kuishiwa mofini ilikuwa lini, na mliwafanyia nini wagonjwa? Wenye kabati la kufuli na daftari la kila mililita watakujibu mara moja. Waulizeni pia ni nani anayesaini cheti cha dawa. Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004, ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Kwingineko, muuguzi anayekuja nyumbani huenda akalazimika kumsubiri daktari, na kama daktari huyo yuko mjini siku mbili tu kwa wiki, ni heri mjue mapema.

"Maumivu hayapimiki, mtu hujikaza tu"

Yanapimika, na kifaa chake ni mkono wa mgonjwa. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Chama cha Tiba Shufaa Afrika, APCA, kimeeneza kipimo hiki, na bibi asiyejua kusoma anakielewa kwa dakika moja. Muuguzi anauliza, anaandika tarakimu kwenye faili, anabadilisha dawa, kisha anauliza tena. Ombeni kuona faili la mgonjwa wenu baada ya wiki mbili. Kama hakuna tarakimu hata moja ndani yake, hakuna anayejua kama mgonjwa anapata nafuu, hata wakiwa wapole kiasi gani.

Tena wasiishie kwenye mwili. Saunders alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yamechanganyika: kuna mfupa, kuna hofu, kuna deni la ada ya shule, kuna mtu waliyekosana naye miaka mingi. Timu inayomuuliza mama "nani atabaki na watoto?" na kumsaidia kupata jibu inatibu maumivu ambayo hakuna chupa itakayoyafikia.

Na vidonda. Saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti inaweza kufika mahali kidonda kikatoa harufu ambayo humfanya mgonjwa aombe afungiwe chumbani peke yake. Unga wa vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, vilivyosagwa, ukinyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, hupunguza harufu hiyo sana. Ni ujuzi wa kawaida kabisa kwenye tiba shufaa. Wakikuambia harufu haina dawa, endeleeni kutafuta.

"Ukijiandikisha kule, hospitali inakufungia mlango"

Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu yao walipewa tiba shufaa mapema, sambamba na tiba ya kawaida ya saratani. Walikuwa na hali nzuri zaidi ya maisha na huzuni pungufu, tena waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja katika nchi tajiri, kwa hiyo sitawaahidi miezi hiyo hapa kwetu, lakini dai kwamba hospisi inafupisha maisha linakosa pa kusimama.

Huduma nzuri inashirikiana na hospitali. Mgonjwa mwenye maumivu ya mfupa ulioingiwa na saratani anaweza kupata nafuu kubwa kwa mionzi ya siku moja tu, na mwanamke anayevuja damu kwa saratani ya shingo ya kizazi vilevile husaidiwa na mionzi. Timu makini itaandika rufaa ya Ocean Road au ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na kueleza sababu. Isiyo makini inasema "huko hakuna kipya" bila kufungua faili.

"Mzuri ni yule atakayetusaidia kumficha"

Ndugu wengi huomba hivi mlangoni, kabla muuguzi hajavua viatu: tafadhali usimwambie. Ninaelewa, ni mapenzi. Ila mgonjwa anayeona mwili wake unaisha na watu wananong'ona jikoni ameshajua, na sasa hana wa kuongea naye. Atashindwa kueleza habari za shamba, za mali ya yatima aliyokabidhiwa, za mahali anapotaka kuzikwa.

Hii haina maana kwamba muuguzi mzuri huingia na kumwaga habari. Yeye humuuliza mgonjwa mwenyewe: unaelewaje ugonjwa wako? Ungependa kujua zaidi, au tumwambie mtu mwingine kwa niaba yako? Wapo wanaosema "mwambieni mwanangu", na hilo huheshimiwa. Jihadharini na pande zote mbili: anayetangaza ukweli mbele ya umati wa wageni, na anayekubali kumdanganya mtu mzima kwa sababu tu kaka zake wameomba.

Mambo mengine kwa kifupi

Si ya saratani peke yake: wenye VVU, moyo ulioshindwa kazi, figo, na watoto wenye selimundu wenye maumivu makali wanahitaji huduma hii. Ya bure si mbovu kwa kuwa ni ya bure. Nyingi zinaendeshwa kwa michango na ufadhili, na cha kuuliza ni kama mfadhili akiondoka dawa zitaendelea. Kuwa chini ya kanisa hakuifanyi kuwa ya Wakristo tu, lakini Mwislamu ana haki ya kuletewa shehe wake, na timu inayombembeleza mtu abadili dini akiwa kitandani imevunja uaminifu, iondoeni. Waliotumia dawa za kienyeji waseme bila kugombezwa, maana baadhi huchanganyikana vibaya na za hospitali.

Anayemtunza mgonjwa pia ni wa kutunzwa. Ndani ya ziara za kwanza binti au mke awe amefundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na kumsafisha kinywa kilichokauka. Na baada ya msiba, matanga yakishaanuliwa na jamaa wameshapanda mabasi, huduma nzuri hurudi kumwangalia aliyebaki.

"Tukishaanza nao, hatuwezi kuhama"

Mnaweza. Ombeni barua ya rufaa yenye ugonjwa, dozi ya sasa ya kila dawa na saa zake, pamoja na nakala ya vipimo vya maumivu. Hakikisheni chupa ya mofini iliyopo inatosha hadi siku timu mpya itakapofika, na iliyobaki baada ya mgonjwa kufariki irudishwe kwao, isiachwe kabatini penye watoto.