Tangi Moja, Kazi kwa Zamu: Jinsi Mtambo wa Mikupuo Unavyosafisha Majitaka

Kwenye mitambo mingi mikubwa, majitaka husafishwa yakiwa safarini. Yanapuliziwa hewa katika tangi moja, yanapita kwenda kutuama katika jingine, na kila tangi linadai ardhi yake. Mtambo wa mikupuo, yaani unaosafisha fungu moja la majitaka baada ya jingine, hufanya kinyume: maji hukaa palepale, kazi ndizo zikapokezana. Tangi linajazwa, linapuliziwa hewa, linaachwa litulie, kisha maji ya juu yanatolewa. Mzunguko mmoja huchukua saa 4 hadi 8 hivi, na saa 6 ni jambo la kawaida.

Majitaka mapya hayaingii kwenye tangi tupu. Yanakuta tope la kahawia lililobakizwa makusudi kutoka mkupuo uliopita, na tope hilo ndilo mtambo wenyewe. Limejaa bakteria na protozoa walioshikamana katika vibonge vidogo. Kipuliza hewa kikiwashwa, viputo hupanda kutoka sakafuni na oksijeni inayoyeyuka majini hufikia takriban miligramu 2 kwa lita. Bakteria hula uchafu na kuzaana. Kundi jingine, linalokua polepole, hugeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, kazi inayomaliza zaidi ya gramu 4 za oksijeni kwa kila gramu ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia hiyo.

Baadaye hewa huzimwa huku maji yakiendelea kukorogwa. Bakteria waliokosa oksijeni huru huichukua ile iliyomo ndani ya nitrati, na nitrojeni hupanda hewani ikiwa gesi isiyo na madhara. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa mfumo huu: hali mbili zinazopingana zinapatikana ndani ya kuta zilezile kwa kubadilisha saa tu.

Kisha kila kitu huzimwa. Kwa muda wa saa moja hivi hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka, na vibonge hushuka chini vyenyewe. Utulivu kamili wa namna hii ni vigumu kuupata kwenye tangi ambalo maji yanapita mfululizo, na ndiyo sababu nawasihi waendeshaji wasiufupishe ili kuongeza mikupuo kwa siku. Kisha bomba linaloelea huchota maji kutoka chini kidogo ya uso, ili mafuta na povu vibaki. Tope la ziada huondolewa, lililobaki likasubiri mkupuo unaofuata.

Lakini watu hawaachi kutumia maji kwa sababu tangi limetulia. Kwa hiyo huwekwa tangi la akiba mbele, au matangi mawili yanayopokezana. Katika mitambo ya nyumbani, chumba cha kwanza hupokea majitaka na kuzuia taka ngumu.

Njia hii si ngeni. Edward Ardern na William Lockett walipotangaza ugunduzi wa tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaosafisha maji, huko Manchester mwaka 1914, walikuwa wakijaza na kumwaga vivyo hivyo. Kufungua na kufunga koki kwa mkono kulichosha, mitambo ya mtiririko ikashika nafasi. Vali za kujiendesha na vidhibiti vya muda vilipopatikana, njia ya zamani ikarudi, hasa kuanzia miaka ya 1970.

Wanaotumia mtambo huu wana wajibu pia. Dawa kali za kuua vijidudu zikimwagwa kwa wingi huua bakteria tunaowategemea. Mafuta ya kupikia huganda, na vitambaa vya kufutia hunasa kwenye pampu. Umeme ukikatika kwa saa chache, tope huvumilia. Ukikatika kwa siku kadhaa, linaanza kuoza. Na maji yanayotoka, hata yawe meupe kiasi gani, bado yanaweza kubeba vijidudu vya magonjwa hadi yatiwe klorini au yapitishwe kwenye mwanga wa urujuanimno.

Mwendeshaji hahitaji maabara kujua hali ya tope. Achote lita moja ya maji ya tangi wakati hewa inapulizwa, aimimine kwenye chombo kinachoonyesha ndani chenye vipimo, asubiri dakika 30. Tope likishuka hadi mililita 200 au 300 na maji ya juu yakang'aa, mambo ni mazuri. Likigoma juu ya 800, arudie kwa nusu lita ya tope na nusu lita ya maji yaliyokwisha kusafishwa. Likishuka vizuri safari hii, tope limezidi tu na linapaswa kupunguzwa. Likigoma tena, kuna uwezekano mkubwa kwamba bakteria wenye umbo la nyuzi wametawala. Hapo kuondoa tope peke yake hakutoshi, bali achunguze hewa na aina ya majitaka yanayoingia.