Kinyesi cha samaki si adui wa matumbawe

Wengi wanaofuga matumbawe nyumbani huamini kwamba uchafu wa samaki ni sumu, basi huchuja maji ya chumvi mpaka kipimo cha naitreti, chumvi ya naitrojeni inayotokana na uchafu huo, kisome sifuri. Halafu wanashangaa matumbawe yanapauka!

Tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kulimegea tumbawe. Mwani huo unataka naitrojeni na fosforasi, na samaki huzitoa bure: amonia yenye naitrojeni kupitia matamvua, fosfeti yenye fosforasi kwenye kinyesi. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi St. Croix, visiwa vya Karibi, walieleza kuwa matumbawe yenye makundi ya samaki wanaopumzika juu yake mchana yalikua haraka kuliko yasiyo nayo.

Kuzidisha nako kuna hasara. Fosfeti nyingi huzuia tumbawe kujenga mifupa yake ya chokaa. Kwa matangi mengi, naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita inatosha.

Wa kuogopwa zaidi ni samaki aitwaye kitatange: aina zake nyingi hulidonoa tumbawe lenyewe.