Ripoti ya Mikopo: Anzia Ukurasa Ambao Wengi Wanauruka

Watu wakiniletea ripoti zao za mikopo, yaani kumbukumbu za walivyokopa na kulipa, swali la kwanza ni lile lile: "Alama zangu ni ngapi?" Huwa nawaomba tuziache kando kwanza. Alama ni jibu la hesabu inayopima unavyoaminika kulipa madeni. Ikiwa kilichoingizwa kwenye hesabu kina makosa, jibu utalitazama hadi macho yaume bila kujua tatizo liko wapi.

Mimi huanzia kwenye taarifa binafsi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, anwani za zamani. Taasisi ya taarifa za mikopo haikujui kwa sura. Inapokea kumbukumbu kutoka kwa wakopeshaji mbalimbali na kuziunganisha kwa kulinganisha vitu hivyo, na ndiyo maana deni la mtu mliyefanana majina linaweza kuhamia kwako. Kuna mama aliyenyimwa mkopo mara mbili akaja kwangu akiapa hadaiwi na mtu. Kilichotuonyesha njia hakikuwa deni lenyewe bali anwani ya mahali ambapo hajawahi kuishi hata siku moja.

Baada ya hapo, pitia mkopo mmoja mmoja: ulifunguliwa lini, salio ni kiasi gani, marejesho ya kila mwezi yaliandikwaje. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mkopo uliokwisha kulipwa kuendelea kusomeka kama deni. Ila usikurupuke. Wakopeshaji wengi hutuma taarifa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ulicholipa wiki iliyopita huenda hakijafika. Ikipita miezi miwili hakijabadilika, hapo una kesi.

Angalia pia orodha ya waliowahi kuiomba ripoti yako. Wewe kuisoma hakupunguzi alama, ingawa wengi wanaogopa hivyo. Lakini mkopeshaji usiyemjua akiwa kwenye orodha hiyo, huenda kuna mtu anaomba mkopo kwa jina lako. Mwaka 2017 wadukuzi waliiba kwa Equifax, mojawapo ya taasisi tatu kubwa za taarifa za mikopo Marekani, taarifa za watu wapatao milioni 147. Mwizi akizitumia taarifa kama hizo kuomba mkopo, dalili huweza kujitokeza kwanza hapa, kabla deni lenyewe halijaonekana.

Kuhusu alama, sina mengi. Za FICO, zinazotumika sana Marekani, huanzia 300 hadi 850, na takriban asilimia 35 ya uzito wake hutokana na iwapo umelipa kwa wakati. Kwingine vipimo ni tofauti.

Ukikuta kosa, andika kwa taasisi na kwa mkopeshaji, wote wawili, ukiambatanisha risiti au barua ya kumaliza deni. Ukirekebisha upande wa taasisi peke yake, mkopeshaji anaweza kulituma kosa lile lile mwezi unaofuata, nawe ukaanza upya. Marekani, taasisi kwa kawaida hupewa siku 30 kuchunguza malalamiko. Kama nchini kwako kuna taasisi zaidi ya moja, omba ripoti ya kila moja, maana si kila mkopeshaji anapeleka taarifa kwa zote.

Wanaojitangaza kwamba watakufutia deni la kweli kwa ada, waepuke. Kilicho sahihi hakifutwi kwa barua. Marekani, malipo yaliyochelewa hubaki kwenye ripoti hadi miaka saba. Yule mama naye nilimwambia asubiri miezi miwili, aombe nakala mpya, kisha ndiyo apeleke maombi ya mkopo kwa mara ya tatu.